Seva Iliyosalia Ghana

Mwaka 2017 mfanyabiashara wa Ukraine alikuwa na njia chache za kupeleka hesabu zake za kodi serikalini, na mojawapo ya zilizoenea mno ilikuwa programu iitwayo M.E.Doc. Mtengenezaji wake, Linkos Group, alikuwa kampuni ndogo ya kifamilia mjini Kyiv. Hakuna aliyeinunua programu hiyo kwa kuvutiwa nayo. Mtu aliiweka kwenye kompyuta yake kwa sababu sheria ilimtaka apeleke hesabu, na hesabu zilipitia huko. Mjini Odessa, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, ofisi ya kampuni ya meli ya Maersk nayo iliihitaji. Mkuu wa fedha wa shughuli za Ukraine akawaomba watu wa TEHAMA waiweke kwenye kompyuta moja, nao wakaiweka.

Maersk wakati huo ilikuwa na wafanyakazi wapatao 80,000, meli karibu 800 na bandari 76, na ilishika karibu sehemu moja ya tano ya uwezo wote wa kusafirisha shehena kwa meli duniani. Ndani ya saa chache za tarehe 27 Juni 2017 kampuni hiyo ilikuwa haijui kontena lipi liko wapi. Habari za tukio hilo zimeandikwa sana, na kwa kawaida huelezwa kama hadithi ya wavamizi hodari. Mimi nataka kuifuata kutoka upande wa mnunuzi. Kampuni inapoingiza teknolojia, inanunua nini hasa? Naona inanunua faida na hatari ndani ya kifurushi kimoja, na hatari hukaa palepale faida ilipo. Anayetafuta hatari pembeni, kwenye vichochoro vya wahalifu, hataiona.

Wavamizi hawakuanza na Maersk. Waliingia kwenye seva za Linkos, zile zinazowapelekea wateja masasisho ya M.E.Doc, wakapachika mlango wa siri ndani ya masasisho yenyewe. Wachunguzi wa kampuni ya usalama ya ESET waliukuta mlango huo kwenye matoleo ya Aprili, Mei na Juni. Kwa hiyo mhasibu aliyefuata ushauri mwema wa kusasisha programu zake alikuwa akimfungulia mgeni bila kujua. Siku ya tukio, ambayo ilikuwa mkesha wa Siku ya Katiba ya Ukraine, wavamizi walipitisha mlangoni humo programu hasidi ambayo baadaye ilipewa jina la NotPetya. Februari 2018 Uingereza na Marekani zilitangaza kwamba jeshi la Urusi ndilo lililohusika, na Oktoba 2020 waendesha mashtaka wa Marekani wakawafungulia kesi maofisa sita wa ujasusi wa kijeshi wa Urusi. Moscow imekana. Shabaha ilikuwa Ukraine. Maersk ilikuwa imesimama njiani.

Programu hiyo ilisafiri kwa miguu miwili, na kila mguu una somo lake. Mguu wa kwanza ulikuwa EternalBlue, mbinu ya kupenya kompyuta za Windows iliyoibwa kutoka NSA, shirika la ujasusi la Marekani, na kuanikwa mtandaoni Aprili 2017. Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka mwezi Machi. Mei ya mwaka huohuo virusi vya WannaCry viliitumia mbinu hiyohiyo na kuzivuruga hospitali za Uingereza, kwa hiyo mwezi Juni hakuna meneja wa TEHAMA aliyeweza kusema hajasikia. Mguu wa pili ulikuwa Mimikatz, kifaa kilichoandikwa na mtaalamu wa Kifaransa, Benjamin Delpy, kuonyesha kwamba Windows huacha nywila za watumiaji kwenye kumbukumbu ya kompyuta. NotPetya ilikwangua nywila hizo na kuzitumia kuingia kwenye kompyuta nyingine. Hapo ndipo kiraka kiliposhindwa kuokoa. Kama kompyuta mia zimetiwa kiraka na moja haikutiwa, na msimamizi mkuu wa mtandao aliwahi kuingia kwenye hiyo moja, basi nywila yake inasubiri kukwanguliwa, na nywila hiyo inafungua zile mia.

Skrini zilionyesha maandishi ya kudai dola 300 za bitcoin ili mafaili yafunguliwe. Ilikuwa danganya toto. Aliyelipa asingeweza kupata chochote, maana programu haikuwa na njia ya kumrudishia mtu mafaili yake. Iliandikwa kuharibu.

Makao makuu ya Maersk yako Copenhagen, ufukweni. Mchana ule wafanyakazi waliona kompyuta zikijizima moja baada ya nyingine, skrini zikiwa nyeusi safu kwa safu. Watu wa TEHAMA walikimbia kwenye korido, wakaingia kwenye vyumba vya mikutano katikati ya vikao na kuchomoa nyaya. Kuukata mtandao wote wa kampuni ulimwenguni kuliwachukua zaidi ya saa mbili, na kufikia hapo kazi ilikuwa imeshaharibika. Simu za mezani nazo zilikufa, kwa kuwa zilipita kwenye mtandao uleule.

Meli zenyewe hazikuzama wala kupotea. Kompyuta za melini zilikuwa salama, na makapteni waliendelea na safari. Kilichokufa ni maarifa ya nchi kavu. Vituo 17 vya makontena vya Maersk, kuanzia Los Angeles na Algeciras hadi Rotterdam na karibu na Mumbai, vilijikuta haviwezi kusoma mafaili yanayoeleza nini kimo ndani ya meli iliyofunga gati. Mjini Elizabeth, katika jimbo la New Jersey, malori yalipanga foleni ya maili kadhaa nje ya lango ambalo halikuweza kufunguka, kwa sababu lango lile huhitaji kompyuta imwambie dereva aende wapi. Ndani ya makontena mlikuwa na vyakula vinavyohitaji baridi, na vipuri ambavyo viwanda vilivisubiri siku hiyohiyo. Wateja wengine walilipa ndege kwa bei ya kuumiza. Wengine walisubiri tu.

Kabla ya kuicheka Maersk ni haki kueleza kwa nini iliunganisha kila kitu. Biashara ya makontena haina siri kubwa: kila mtu ana masanduku yaleyale ya chuma, na meli za washindani zinafanana. Faida hutoka kwenye kujua. Kampuni inayojua kontena tupu liko Mombasa na mzigo unalisubiri hapo karibu haitalipa kuleta jingine tupu kutoka mbali. Mteja anayeweza kuweka nafasi kwa kubofya mara tatu hatapiga simu kwa mpinzani. Ili kujua hivyo, ofisi ya Odessa, ya Accra na ya Copenhagen lazima ziwe kwenye mtandao mmoja, zikisoma kumbukumbu moja, na watumishi wake watambuliwe kwa njia moja popote walipo. Huo ulikuwa uamuzi mzuri, na uliwapa utajiri. Ila njia inayoleta habari za Odessa hadi Copenhagen kwa sekunde haichagui ilete nini.

Sasa tuingie kwenye uokoaji, maana hapo ndipo jambo hili linapokuwa tamu kwa mchambuzi. Maersk iliweka kambi Maidenhead, mji mdogo magharibi mwa London, yalikokuwa makao ya shughuli zake za TEHAMA. Wataalamu wa kampuni ya ushauri ya Deloitte wakaletwa. Mamia ya watu walifanya kazi usiku na mchana, wengine wakilala chini ya meza, kwa kuwa hoteli na nyumba za wageni za mji ule zilikuwa zimejaa. Maduka ya karibu yaliuza laptopu na flashi hadi yakaishiwa, kwani zile za zamani hakuna aliyethubutu kuziwasha.

Nakala rudufu zilikuwepo. Karibu seva zote zilikuwa na nakala za siku tatu hadi saba kabla ya tukio, kiasi ambacho si kibaya. Lakini kuna aina moja ya seva ambayo hawakuipata nakala yake. Ni zile ambazo mafundi huziita domeini kontrola. Kazi yake ni kama ya mlinzi wa getini mwenye orodha ya majina: zinajua nani ni mfanyakazi, ana nywila gani, na anaruhusiwa kufungua nini. Bila hizo, seva nyingine zote hata zikifufuliwa hazimtambui mtu yeyote. Maersk ilikuwa nazo zipatazo 150, zimetawanywa duniani, na kila moja ilikuwa ikijinakili na wenzake. Waliozipanga walifikiri hivi: hata moja ikiungua, au kumi, nyingine zitakuwa na orodha ileile, kwa hiyo kuna haja gani ya kuweka akiba pembeni? Hesabu hiyo ni sahihi kabisa dhidi ya moto, mafuriko au wizi wa mashine. Haikufikiria kitu kinachozipiga zote 150 kwa mara moja, kwa kutumia kamba ileile inayozifunga pamoja.

Mafundi wa Maidenhead walipiga simu kila kona ya dunia. Hatimaye wakaipata moja nzima, katika ofisi ya Ghana. Umeme ulikuwa umekatika huko kabla ya NotPetya kufika, seva ikazimika ikatoka mtandaoni, na kwa hiyo orodha ya majina ya kampuni nzima ikabaki salama ndani ya mashine iliyolala. Shida haikuishia hapo. Intaneti ya ofisi ile ilikuwa ndogo mno kwa mafaili ya mamia ya gigabaiti. Kuyatuma kungechukua siku kadhaa. Wakaamua kuyasafirisha kwa mkono, na ikagundulika kwamba hakuna mtumishi wa Ghana aliyekuwa na viza ya Uingereza. Basi mmoja wao akapanda ndege hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake diski uwanjani, na huyo wa Nigeria akaruka saa sita na nusu hadi Heathrow. Kampuni kubwa kuliko zote za makontena duniani ilisubiri diski moja ndani ya mzigo wa abiria. (Msomaji wa Afrika Mashariki aliyewahi kupewa bahasha ampelekee mtu Dubai ataona hakuna jipya.)

Wengi huisimulia sehemu hii kama bahati, nayo kweli ilikuwa bahati. Lakini bahati ile ina umbo linaloelezeka. Seva ya Ghana ilinusurika kwa sababu moja tu: saa ile haikuwa imeunganishwa. Kasoro ambayo makao makuu yangeiorodhesha kwenye ripoti kama udhaifu wa tawi ilikuwa ndiyo sifa pekee iliyohitajika. Na sifa hiyo inaweza kununuliwa kwa makusudi, tena kwa bei rahisi: diski inayochomekwa mara moja kwa juma, ikanakili, ikachomolewa, ikafungiwa kabatini. Tofauti kati ya kujinakili na kuweka akiba iko hapo. Mashine mbili zinazofuatana dakika kwa dakika zinakulinda mashine moja ikifa. Hazikulindi dhidi ya kosa, kwa kuwa kosa nalo hunakiliwa dakika hiyohiyo. Karani akifuta faili la wadaiwa kwenye kompyuta yake, na folda ile inajisawazisha na wingu, basi baada ya sekunde chache hata wingu halina faili hilo, isipokuwa huduma iwe imewekewa kutunza matoleo ya nyuma. Wamiliki wengi niliozungumza nao huamini wana nakala rudufu, na ukiwauliza zaidi unakuta wana kioo.

Kuna jambo jingine ambalo limenivutia kuliko teknolojia yote hii. Mwaka mmoja kabla ya tukio, watu wa usalama ndani ya Maersk walikuwa wameshaonya. Baadhi ya seva bado zilitumia Windows 2000, mfumo mkongwe kiasi kwamba Microsoft yenyewe ilikuwa imeacha kuuhudumia. Onyo kubwa zaidi lilihusu mtandao kutokuwa na kuta za ndani: aliyeingia Odessa angeweza kutembea hadi popote. Mpango wa kurekebisha ulipelekwa, ukakubaliwa, hata fedha zikatengwa. Kazi haikufanyika. Kwa maelezo ya waliokuwa ndani, vipimo vya utendaji vilivyoamua bonasi za wakuu wa TEHAMA havikuutaja mpango ule. Vilitaja mambo mengine: mifumo isizimike, gharama zishuke, miradi imalizike. Meneja aliyefanya alichopimiwa alilipwa. Aliyesimamisha mfumo usiku mmoja ili ajenge ukuta angekuwa ameharibu kipimo chake mwenyewe.

Sioni mtu mbaya katika habari hiyo, na ndiyo maana inatisha. Bodi iliridhia, fedha zilikuwepo, wataalamu walisema. Kilichokosekana ni mtu mmoja ambaye kutofanyika kwa kazi ile kungemgharimu. Hatari za teknolojia zina tabia ya kumwangukia asiyezimiliki: gharama ya ukuta inatoka kwenye bajeti ya idara ya TEHAMA mwaka huu, na hasara ya kukosa ukuta inatoka kwenye mauzo, mwaka usiojulikana, labda meneja akiwa ameshahamia kampuni nyingine. Bodi nyingi zinapouliza kuhusu usalama wa mitandao huuliza kama tumejikinga. Swali hilo linajibiwa kwa urahisi na mtu yeyote aliyenunua kitu chochote. Swali la nani atakosa bonasi kama seva za Windows 2000 bado zinawaka Desemba halijibiwi hivyo. Baada ya tukio, inasemekana, karibu kila ombi la usalama lililopelekwa kwa wakubwa wa Maersk lilipitishwa.

Hasara ilitangazwa kuwa kati ya dola milioni 250 na milioni 300. Januari 2018, kwenye mkutano wa Davos, mwenyekiti Jim Hagemann Snabe alieleza kwamba kampuni ilijenga upya seva 4,000, kompyuta 45,000 na programu 2,500 kwa siku kumi. Alikiri pia kwamba kwa usalama wa mitandao walikuwa wa wastani tu, kama kampuni nyingine nyingi. Takwimu aliyoitoa ambayo mimi huirudia ni nyingine: katika siku hizo kumi mzigo ulipungua kwa asilimia 20 tu. Asilimia 80 iliyobaki ilisukumwa na watu, kwa mikono, wakitumia WhatsApp kwenye simu zao binafsi, barua pepe zao za Gmail, na karatasi zilizobandikwa kwenye makontena. Waliweza kwa kuwa walikuwepo bado wafanyakazi waliojua kazi yenyewe, na sio tu vitufe vya kubonyeza ili kazi ijifanye. Kampuni inayoingiza mfumo mpya na mwaka huohuo kuwastaafisha wote waliofanya kazi hiyo kabla ya mfumo inaokoa mishahara. Pia inauza asilimia 80 hiyo, ingawa mauzo hayo hayaandikwi popote kwenye hesabu.

Kuhusu bima nitakuwa mfupi. Kampuni ya dawa ya Merck ilipigwa na NotPetya siku ileile, ikadai dola bilioni 1.4 kwa watoa bima wake. Baadhi yao walikataa wakisema hicho kilikuwa kitendo cha vita, na vita havimo kwenye mkataba. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya New Jersey iliwapa Merck haki, na Januari 2024 pande hizo zikapatana. Soko la bima la Lloyd's la London halikusubiri kesi nyingine: tangu Machi 2023 linataka bima mpya za mitandao ziseme wazi kwamba mashambulizi makubwa yanayofadhiliwa na dola hayalipwi. Anayetegemea bima asome ukurasa huo kwanza.

Kuna faraja ambayo mtu anaweza kuitafuta, kwamba huko ni Ukraine na vita vyake. Rudi basi kwenye kompyuta ile ya Odessa na uitazame upya. Ilikuwa kompyuta ya kodi. Tanzania ilianzisha mashine za risiti za kodi za EFD mwaka 2010 na sasa kuna risiti zinazotolewa kwa programu ya VFD kwenye simu au kompyuta. Uganda imewataka walipa VAT watumie mfumo wa ankara wa EFRIS tangu Januari 2021, na Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kikuubo na mitaa mingine ya Kampala walifunga maduka kuipinga. Kenya ina mfumo wa ankara wa eTIMS, na tangu Januari 2024 matumizi ambayo hayana ankara ya mfumo huo hayatambuliwi kupunguza kodi. Sisemi hata kidogo kwamba mifumo hii imepenyezwa. Nasema kwamba ni ya jamii ileile kwa umbo: programu ambayo mfanyabiashara hakuichagua, hawezi kuiacha, na inajisasisha kutoka kwa mtu ambaye yeye hamfahamu. Malalamiko ya Kikuubo yalihusu faini na ugumu wa matumizi, na yalikuwa ya haki kujadiliwa. Swali la kompyuta ipi iwekewe mfumo huo, na kompyuta hiyo iunganishwe na nini kingine, halikusikika. Wala jibu lake si ghali. Laptopu ya bei nafuu inayofanya kazi ya kodi peke yake, isiyo na orodha ya wateja, isiyoshiriki nywila na mashine nyingine, ndiyo ukuta ambao Maersk haikuujenga.

Tumeshaonja sampuli. Julai 2023 mfumo wa eCitizen wa Kenya, wenye huduma za serikali zaidi ya 5,000, ulishambuliwa kwa kufurikishiwa maombi ya uongo, na kundi lililojiita Anonymous Sudan likajigamba kuhusika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika katika bahari ya kusini mwa Afrika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizobaki na intaneti ya kuchechemea. Hilo la pili halikuwa na adui yeyote. Miezi miwili baadaye, tarehe 19 Julai, kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilituma sasisho bovu na kuzizima kompyuta zipatazo milioni 8.5 ulimwenguni, ndege zikashindwa kuruka. Waliozimwa ni wale waliolipia ulinzi. Ukiyaweka matukio haya pamoja unaona kwamba chanzo hubadilika kila mara (mvamizi, waya, fundi aliyekosea) na kinachobaki vilevile ni kutegemea njia moja.

Duka la vipuri la Kariakoo halina domeini kontrola. Lina laini ya kupokea malipo ya Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la kijana wa kaunta, ambaye siku akigombana na bosi ataondoka nayo. Lina simu moja inayotoa risiti za VFD, inayopokea oda kwa WhatsApp, na jioni inachezewa gemu na mtoto. Lina faili la Excel la wadaiwa, ambalo mpwa wa mwenye duka alilitengeneza vizuri kabisa kisha akaenda chuo Dodoma na nywila kichwani. Ulaghai unaolikumba ni wa kawaida: ujumbe bandia wa malipo, laini kubadilishwa na mtu aliyejifanya mwenye namba, tarakimu sita za uthibitisho za WhatsApp zilizotajwa kwa simu kwa mtu mwenye sauti ya upole. Dawa zake nazo ni za kawaida. Salio hutazamwa kwenye akaunti, wala si kwenye ujumbe ambao mteja anauonyesha. Laini husajiliwa kwa jina la biashara. Tarakimu hazitajwi kwa yeyote. Hizi watu wanazijua, na zinapuuzwa kwa sababu ileile iliyoiponza Maersk, yaani hakuna ambaye ni kazi yake.

Mafundi wana kanuni ya nakala tatu: ziwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae mahali pengine. Kwa duka, hiyo ni kompyuta yenyewe, wingu, na diski ya nje iliyochomolewa na kupelekwa nyumbani. Watu hufika hadi hapo na kuridhika. Hatua inayorukwa ni ya kujaribu kurudisha. Jumatatu ya katikati ya mwezi, wakati wateja ni wachache, mwenye duka anaweza kuifunga kompyuta ya kaunta kana kwamba imeibwa, akachukua laptopu nyingine na ile diski ya nyumbani, akatazama saa. Kwanza atagundua kwamba nywila ya wingu anayo mpwa. Kisha kwamba nakala ya mwisho ni ya miezi miwili nyuma, au kwamba programu ya hesabu haifunguki bila namba ya leseni iliyomo kwenye barua pepe ambayo nayo inafunguka kwa simu iliyo kwa fundi. Wakati huohuo kijana wa kaunta aendelee kuuza kwa kitabu cha risiti na kalamu, kwa kadiri mamlaka ya kodi inavyoruhusu mtandao ukiwa umekatika, na utaratibu huo nao uulizwe mapema. Ikifika saa ambapo orodha ya wadaiwa imerudi na inalingana na ya jana, aandike imechukua muda gani. Ikiwa ni saa tatu, biashara inaweza kuishi nazo. Ikiwa ni siku nne, anajua kiasi cha mauzo ya siku nne, na sasa anayo takwimu ya kuweka mezani fundi atakapomwambia diski ya pili ni shilingi laki mbili.